Kumfundisha Mtoto Sanaa Nyumbani, Nasi Hatujui Kuchora

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mbele ya mkutano mkuu wa mwaka)



Halmashauri ilitutaka tuseme machache juu ya mafundisho ya watoto nyumbani, na tulipouliza ni mafundisho gani, tukajibiwa kwamba ni sanaa. Tulistaajabu. Katika chama hiki wamo mafundi wa kweli: yumo seremala, wamo mama wasukao vyondo, yumo na ndugu aandikaye mabango ya maduka. Sisi kazi yetu ni ukarani. Mkono wetu umezoea kupiga mistari ya daftari, na hata mistari hiyo hatuipigi bila rula. Tulipokuwa katika sekondari ya misheni tuliwahi kupewa alama tatu katika kumi kwa kuchora kikombe, na mwalimu akatuuliza kwa upole kama ile ilikuwa ndoo.

Lakini mjumbe mmoja alitwambia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuchaguliwa kwetu. Wanachama walio wengi ni wa vikombe vya namna hiyo. Fundi akisimama hapa atawaeleza jinsi ya kuchora, nanyi mtarudi nyumbani mkisema, 'Yule amejaliwa, sisi hatukujaliwa.' Basi tumekubali kusimama sisi tusiojaliwa.

Kwanza yatupasa kukumbushana jinsi tulivyofika hapa. Wengi wetu tulisoma katika mtaala ule wa miaka minane ya msingi ulioanza mwaka 1985. Hapo mwanzo sanaa na ufundi vilikuwa na mtihani wake mwishoni mwa darasa la nane. Baadaye mtihani huo uliondolewa. Ninyi mwajua mambo yalivyokuwa. Kisichotahiniwa hakikufundishwa, na saa ya kuchora ikawa saa ya kurudia hesabu. Kisha ukaja mtaala wa umilisi, ulioanza kufundishwa nchini kote mwaka 2019, na mtihani wa darasa la nane ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Ghafula mtoto anarudi nyumbani jioni akisema kwamba kesho aende na kinyago, au mkufu wa shanga, au picha za wanyama wa nyumbani. Mzazi aliyenyimwa somo hilo utotoni ndiye anayetakiwa sasa kulisimamia, tena saa tatu ya usiku, naye ametoka kazini.

Twajua wengi wetu tumefanya nini. Tumekwenda dukani, kwa maana wako wauzao vitu hivyo vikiwa tayari, tukanunua kinyago, na mtoto akakipeleka kwa mwalimu na kusema ni kazi ya mikono yake. Mwalimu ajua si kweli. Mtoto ajua kwamba mwalimu ajua. Nasi twalala usingizi tukiona tumemsaidia mtoto.

Sisi hatukununua. Tulifanya jambo baya zaidi, na kwa idhini ya mama yake tutalieleza, kwa sababu bila hilo hotuba hii haina msingi.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na umri wa miaka saba. Aliambiwa achore ng'ombe. Alichora kwa bidii akiwa amelala kifudifudi sakafuni, ulimi nje, kama walalavyo watoto wakichora. Sisi tulikuwa mezani na hesabu za ofisi. Aliponyanyua karatasi kutuonyesha, tuliona jambo moja tu: ng'ombe ana miguu mitano. Hatukuuliza neno. Tulichukua raba tukaufuta mguu wa tano, na kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuanza, tukafuta na mgongo, tukamchora ng'ombe wetu wenyewe. Alionekana kama meza yenye pembe, lakini miguu yake ilikuwa minne. Mtoto alitazama bila kulia. Akapeleka karatasi shuleni, akapata alama ya kuridhisha.

Tangu siku hiyo, kila alipotakiwa kuchora, alileta karatasi tupu na kalamu, akaviweka mbele yetu, akasema, 'Chora wewe, Baba.' Maneno matatu tu. Aliyasema bila hasira, kwa adabu kabisa, kama mtu anayempelekea karani hati ya kupigwa muhuri. Hali hiyo iliendelea mwaka mmoja na zaidi. Tulijaribu kumsifu, tukamnunulia kalamu za rangi, tukamkaripia. Hakuna kilichofaa.

Aliyemponya ni nyanya yake, ambaye hajui kusoma wala kuandika, na maishani mwake hajashika kalamu ya risasi ila kwa kuitafutia mwenyewe. Tulikuwa nyumbani mashambani likizo ya Desemba. Nyanya alikuwa ameketi uani akipukuchua mahindi, na mtoto alikuwa karibu naye akichoracho­ra vumbini kwa kijiti. Sisi tulikuwa nyuma ya dirisha. Nyanya alitazama chini muda mrefu, mikono yake ikiendelea na mahindi, kisha akauliza, 'Huyu anakwenda wapi?' Hakusema picha ni nzuri, wala hakusema ni mbaya. Mtoto akaanza kueleza: huyu anakwenda kisimani, na yule ni mbwa anayemfuata, na hapa pana matope. Alieleza hata gunzi la mwisho. Nyanya akauliza tena, 'Na ng'ombe wako wapi?' Mtoto akamchora ng'ombe vumbini, na miguu mitano. Nyanya akaihesabu kwa kidole, akasema, 'Na huu ni wa nani?' Mtoto akajibu, 'Wa ndama. Yuko nyuma ya mama yake ananyonya, ndiyo maana haonekani.'

Ndugu wanachama, sisi tulikuwa tumemfuta ndama.

Kutoka siku hiyo tulianza kusoma na kuuliza, kama ilivyo desturi ya makarani. Tulikuta kwamba yako maarifa mengi juu ya jambo hili, na yote hayamtaki mzazi awe fundi. Bwana mmoja mzaliwa wa Austria, Viktor Lowenfeld, aliyekwenda kufundisha Marekani, alitoa kitabu mwaka 1947 kuonyesha kwamba michoro ya watoto hukua kwa hatua, kama vile mtoto anavyotambaa kabla ya kusimama. Kwa kadiri ya miaka miwili mtoto hupiga mistari ovyo, na furaha yake ni kuona mkono wake umeacha alama. Kisha huja duara. Karibu na miaka minne duara hilo hupata macho, na miguu humea papo hapo chini ya kichwa, bila tumbo wala kifua. Nasi twacheka, kumbe yuko sawasawa na umri wake. Kadiri ya miaka saba hupiga mstari mmoja chini ya karatasi kuwa ardhi, na vitu vyote husimama juu yake kwa safu. Wakati huo atachora nyumba ambayo kuta zake hazizuii jicho, mtu aone jiko na kitanda na aliyelala. Atamchora amwonaye kuwa mkubwa kwake akiwa mkubwa kweli, mrefu kupita paa. Ukijiona umechorwa mdogo kuliko kuku, usimlaumu mtoto. Tafakari umeonekana nyumbani mara ngapi wiki hiyo.

Jambo kubwa katika maelezo hayo ni kwamba hayo yote si makosa ya kusahihishwa. Ni hatua za kupitiwa. Hakuna mzazi amkaripiaye mtoto wa miezi minane kwa kutambaa.

Hatari yenyewe huja baadaye, kwa kadiri ya miaka tisa au kumi. Hapo mtoto mwenyewe hutaka picha ifanane na kitu, akaona haifanani, akaiviringa karatasi na kuitupa. Wengi wetu humu ndani tuliacha kuchora katika umri huo, ndiyo maana hata leo mtu mzima akiombwa kuchora mtu atamchora kama mtoto wa miaka kumi. Hapa mzazi asiyejua kuchora aweza kusaidia kwa njia nyepesi. Weka mezani kitu halisi: kiatu, sufuria, ufunguo, mkono wako mwenyewe. Kaa chini pamoja naye mkitazame. Uliza: mpini umeanzia wapi? Kipi kirefu, mdomo wa sufuria au kimo chake? Kivuli kimeangukia upande gani? Usichore. Tazama tu na kuuliza. Sisi tulifanya hivyo kwa kiatu chetu cha kazini, na twakiri kwamba tulikuwa tumekivaa miaka miwili bila kujua kina matundu mangapi ya kamba.

Mzee mmoja alitushika mkono mlangoni leo asubuhi akasema, 'Mwanangu, karo imetuinamisha mgongo, nanyi mwataka tufundishe kuchora kuku?' Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Tungeweza kumjibu kwa habari ya Mutisya Munge, mzaliwa wa Wamunyu huko Ukambani, aliyechukuliwa katika jeshi la wapagazi kwenda Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, akaona wachongaji wa huko na kazi zao, na aliporudi kwao akaanza uchongaji ambao baadaye ulilisha maelfu ya nyumba. Habari hiyo ni ya kweli. (Kweli ni pia kwamba uchongaji huo ulikula miti ya muhugu hata ikawa adimu, na wachongaji wengi wakageukia mwarobaini.) Lakini hatutaki kuwadanganya wazee kwamba kila mtoto achoraye kuku atakuwa Mutisya Munge. Walio wengi watakuwa makarani na makondakta na wakulima.

Jibu letu ni jingine. Mtoto aliyetuletea karatasi tupu mwaka mzima alikuwa amejifunza jambo moja kutoka kwetu, nalo ni kwamba akionyesha alichokiona, baba atakifuta. Leo ni ng'ombe. Akifika miaka kumi na mitano atakuwa ameona mambo mengine, mengine ya kutisha, naye atatuletea karatasi tupu vilevile. Hilo ndilo lililotunyima usingizi, si alama ya kuchora.

Sasa twende kwenye vyombo, maana hapa ndipo wengi husema hawana fedha. Karatasi iko. Ofisi nyingi hutupa karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Omba kwa mkubwa wako kwa maneno, usizichukue kimya kimya, na uzikague kwanza moja moja. Karatasi yenye jina la mtu, au namba ya kitambulisho, au habari za ugonjwa wake, isitoke ofisini hata kama upande wa pili ni mweupe kama theluji ya Kirinyaga.

Makaa ya kuchorea hutengenezwa jikoni. Chukua vijiti vikavu, unene wa kalamu, vimenywe gome. Vipange vikibanana ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, toboa kifuniko tundu moja dogo kwa msumari, weka kopo motoni. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma kutoka, ondoa kopo, na usilifungue mpaka lipoe kabisa. Ukilifungua likiwa na moto, vijiti vitawaka na kuwa majivu mbele ya macho yako, kama ilivyotupata mara mbili. Kazi hii ni ya mzazi, mtoto akae mbali akihesabu.

Rangi hupatikana kwa udongo mwekundu uliopondwa na kuchujwa kwa kitambaa, kwa masizi ya sufuria, kwa manjano ya jikoni, kwa chokaa. Changanya na uji mwepesi wa unga wa ngano ili ishike karatasi. Maji ya kiazisukari hutoa wekundu wa kupendeza, ila jua huufifiza. Brashi ni mswaki wa mti uliotafunwa ncha. Wala tusione haya kwa rangi za namna hiyo. Huko Busia, kwenye mwamba wa Kakapel, na katika kisiwa cha Mfangano ndani ya Ziwa Viktoria, ziko picha za rangi nyekundu na nyeupe zilizopakwa na watu wa kale, na rangi zao zilitoka ardhini vilevile. Tahadhari moja: betri kuukuu zisivunjwe kwa ajili ya ule weusi wake. Zamani ulitumika kupaka mbao za darasani, lakini ni sumu, usiingie mikononi mwa mtoto.

Udongo wa kufinyanga waujua mama zetu kuliko sisi. Tutasema tu jinsi ya kuupima: viringa kipande kiwe kama kamba nene ya kidole, kizungushe kidoleni, kisipopasuka, unafaa. Ondoa vijiwe, ukande sana utoke hewa, na kazi ikimalizika ikaushwe kivulini polepole. Ikianikwa juani itapasuka, na mtoto atalia.

Wako ndugu zetu Waislamu ambao nyumbani mwao hawapendi picha za viumbe. Hawajanyimwa kitu. Nakshi za milango ya Lamu, mapambo ya chokaa katika kuta za nyumba za kale za huko, na mikeka ya ukili uliotiwa rangi, ni shule kamili ya sanaa, na mtoto ahesabuye miyaa ya ukili anajifunza hesabu bila kujua. Habari ya kwamba ususi ni wa wasichana na uchongaji ni wa wavulana, tunaiacha ilipo, mikono haijui.

Neno moja juu ya kuiga. Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, alichora ukutani mwa kanisa la Murang'a mwaka 1959 picha kubwa tano za maisha ya Bwana Yesu, na watu wake na nchi yake ni wa Afrika hii. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi. Alisifika kwa kukataza kunakili kazi za wengine. Tulipoyasoma hayo tuliona mashaka, kwa sababu nyanya afundishapo kusuka kiondo, mjukuu huiga, na asipoiga kiondo hufumuka. Baada ya kuyafikiri tumeona hivi: kazi yenye hatua, kama kuanza kitako cha kiondo au kufunga waya wa gurudumu, ifundishwe kwa hatua, mkono juu ya mkono. Lakini mapambo ya kiondo, na umbo la gari la waya, na ng'ombe, ni vya mtoto. Vile vitabu vya picha zilizokwisha kuchorwa, ambazo mtoto hutia rangi tu pasipo kuvuka mstari, vyatuliza nyumba siku ya mvua. Zaidi ya hapo hatuvisifu.

Mwisho ni jambo ambalo ukarani wetu umelifaa, na kila mzazi atafute la kazi yake. Tumemfungulia mtoto faili. Kila picha huandikwa nyuma tarehe, na chini yake twaandika maneno yake mwenyewe kama anavyoyatamka, bila kuyasahihisha, hata kama ni maneno yasiyopatana na sarufi. Mwuza duka aweza kuzitundika ukutani. Dereva aweza kubeba moja garini. Jambo la kuangalia ni kwamba picha isiokotwe asubuhi kuwashia jiko, kwani mtoto huona, asiseme.

Faili hilo liko juu ya meza ya nyuma, karibu na birika la chai. Ndani yake, ukurasa wa kwanza, imo ile karatasi ya ng'ombe iliyorudishwa kutoka shuleni. Mkiielekeza kwenye mwanga wa dirisha mtaona alama ya mguu uliofutwa. Mwenyewe ametukubalia tuilete kwa sharti kwamba tuandike nyuma yake, kwa wino, 'Hapa palikuwa na ndama.' Tumeandika. Sanduku la karatasi za upande mmoja litakaa mlangoni pa katibu kuanzia Jumatatu, na mtu yeyote aweza kutia au kuchukua.